Kolesteroli ya ukoo: damu za watu wachache zilizotufundisha kipimo

Najua niliahidi kuwaandikia juu ya mazoezi ya kufundisha, hiyo inakuja, msiwe na haraka. Wiki hii nina jambo jingine. Mhadhiri wetu mmoja katutaka kila mtu achague kipimo kimoja cha hospitali aeleze kimetoka wapi, kwa lugha ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu ataielewa. Wenzangu wakagombania malaria, wengine wakachukua sukari. Mimi nikachukua mafuta kwenye damu. Jamaa wakanicheka, eti hicho ni kipimo cha wazee wenye vitambi na wabunge. Nikanyamaza, maana sababu yangu ninayo na nitaisema huko mbele. Kazi nimeshaikabidhi, ila maksi 15 hazitoshi kwa mambo niliyoyakuta, kwa hiyo namwaga hapa.

Tuanze na kitu chenyewe. Kolesteroli (vitabuni mwetu wengine huiita lehemu) haikugunduliwa kwenye damu wala kwenye chipsi mayai. Ilitoka kwenye vijiwe vya nyongo. Mfaransa mmoja, Poulletier de la Salle, aliipata humo katika karne ya 18, na mwenzake Chevreul akaja kuipa jina miaka ya 1810, jina lililoungwa kwa maneno ya Kigiriki ya nyongo na kitu kigumu. Mwishoni mwa karne ya 19 wakemia wa Ujerumani wakaona kuwa ukiichanganya na asidi kali inatoa rangi ya kijani. Hapo ndipo kipimo kilipozaliwa: kadiri kijani kinavyokolea ndivyo kolesteroli ilivyo nyingi. Mwaka 1913 Mrusi Anitschkow akawalisha sungura kolesteroli na mishipa yao ikaziba utando wa mafuta. Wengi wakasema sawa, lakini sungura anakula majani, ana uhusiano gani na binadamu?

Jibu halikutoka maabara. Lilitoka kwenye familia.

Mwaka 1938 daktari mmoja wa Oslo, Carl Müller, alieleza habari za familia 17 za huko Norway. Watu wa familia hizo walikuwa na vivimbe vya manjano kwenye kano za mikono na visigino, wengine kwenye kope, na walikuwa wakipata maumivu ya kifua na kufa ghafla katika umri ambao jirani zao walikuwa bado wanabeba magunia. Müller aliwapima kolesteroli akakuta iko juu sana. Nachompendea huyu mzee ni kwamba hakuishia kwenye namba. Aliuliza nani amekufa, akiwa na miaka mingapi, mama yake nani, watoto wake wako wapi. Akaona kitu kinarithishwa kutoka kizazi hadi kizazi, baba kwa mwana, mama kwa binti, bila kuchagua. Namba ya kolesteroli ilipata maana kwa sababu kulikuwa na makaburi pembeni yake.

Hapa niwakumbushe wale waliosinzia kwenye jenetiki. Sikoseli tunaijua: mtoto anaumwa akipata jeni mbovu kutoka kwa baba NA mama. Hii ya kolesteroli ya ukoo ni tofauti. Jeni moja tu inatosha. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto anayezaliwa ni kama umerusha shilingi, nusu kwa nusu. Zamani vitabu viliandika kuwa ni mtu 1 kati ya 500, siku hizi makadirio yanakaribia 1 kati ya 250. Fanya hesabu ya ukumbi wetu mkubwa wa mihadhara ukiwa umejaa.

Na yule anayepata jeni mbili, moja kila upande, habari yake ni nyingine kabisa. Aliyeliweka hili wazi ni Avedis Khachadurian huko Beirut, Lebanon, mwaka 1964. Lebanon kulikuwa na ndoa nyingi za binamu, hivyo watoto wenye jeni mbili walionekana zaidi kuliko Ulaya. Alipozipima familia hizo akaona makundi matatu yamejitenga yenyewe: wenye kolesteroli ya kawaida, wenye kama mara mbili yake, na watoto wenye kama mara nne. Hao wa kundi la tatu walipata ugonjwa wa moyo wakiwa watoto. Mtoto wa darasa la pili anashikwa na moyo! Na Afrika nako kuna kisa cha namna yake. Miongoni mwa Makaburu wa Afrika Kusini tatizo hili limeonekana kwa kama mtu 1 kati ya 100, kwa sababu walowezi wa kwanza walikuwa wachache na waliokuja nayo waliisambaza kwenye uzao wao wote.

Sasa kuna tatizo la kiufundi. Mafuta na maji havipatani, na damu ni maji. Kwa hiyo mafuta hayatembei kwa miguu, yanapanda daladala. Daladala hizo ni chembe za mafuta na protini, zinaitwa lipoprotini. LDL inatoa kolesteroli kwenye ini na kuipeleka mwilini, HDL inaikusanya kuirudisha. Aliyezitenganisha hizi kwa namna iliyotikisa udaktari ni John Gofman wa Berkeley, California, na huyu historia yake inasisimua. Wakati wa vita ya pili alikuwa mkemia anayetayarisha plutoni kwa ajili ya mradi wa bomu la atomiki. Vita ilipokwisha akachukua mashine inayozungusha kwa kasi ya ajabu, akatia damu ndani, na chembe zikajipanga kufuatana na uzito wake, nyepesi juu, nzito chini. Mwaka 1950 akatangaza kuwa chembe fulani tu ndizo zinazokwenda pamoja na ugonjwa wa moyo, sio kolesteroli yote kwa ujumla. Kumbe swali sahihi sio abiria ni wangapi, ni wamepanda gari gani.

HDL nayo ilijulikana vizuri kupitia kisiwa kidogo. Kinaitwa Tangier, kiko kwenye ghuba ya Chesapeake, Virginia, Marekani, watu wake mia chache tu, wavuvi, wameoleana vizazi na vizazi. Mwisho wa miaka ya 1950 mtoto wa kiume wa miaka 5 wa huko alionekana na tonsili zenye rangi ya chungwa. Wengine wangezikata wakatupa. Lakini kesi ikafika kwa Donald Fredrickson kwenye taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, akampima damu na dada yake pia: HDL karibu hakuna. Kolesteroli ilikuwa imekwama kwenye tishu, ndio maana ile rangi. Ugonjwa ukapewa jina la kisiwa mwaka 1961, na jeni yenyewe ikapatikana mwaka 1999, nayo ni ile inayotengeneza mlango ambao seli hutumia kutoa kolesteroli nje. Miaka 38 kutoka tonsili hadi jeni.

Naomba nisimame kidogo hapa kwa ajili ya wale wanaopenda kusema "HDL ndio kolesteroli nzuri" kana kwamba ni methali. Mwaka 1980 madaktari wa Milano, Italia, waliandika juu ya watu waliotoka kijiji cha Limone kando ya ziwa Garda. HDL yao ilikuwa chini sana, na mishipa yao haina neno. Baadaye ilitengenezwa dawa ya kupandisha HDL, torcetrapib, ikapandisha kweli, lakini majaribio yakasimamishwa Desemba 2006 kwa sababu waliokuwa wakiinywa walikufa wengi kuliko wasioinywa. Kwa hiyo uzuri wa namba kwenye karatasi sio uzuri wa mtu.

Na sisi tuko wapi kwenye hadithi hii? Tupo, tena mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 A. G. Shaper, aliyekuwa Makerere, alikwenda kuwapima Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya. Karibu wakati huo huo Mmarekani George Mann alikuja kwetu, ilikuwa bado Tanganyika, akawapima Wamasai. Ripoti yake ya 1964 ina wanaume 400, pamoja na wanawake na watoto. Swali lilikuwa rahisi kulielewa: hawa wanaishi kwa maziwa, nyama na damu, ina maana wanakula mafuta ya wanyama kuliko Mmarekani yeyote, mbona kolesteroli yao iko chini na moyo hauwasumbui? Watu wengi hadi leo wanaichukua habari hiyo na kusema basi kula kiti moto na nyama choma hadi upasuke, haina shida. Lakini wanaiachia katikati. Mwaka 1972 Mann huyo huyo na wenzake walieleza habari za mioyo na mishipa ya Wamasai 50 waliofariki, na utando wa mafuta ulikuwepo, tena sio haba. Tofauti ni kwamba mishipa yao ilikuwa mipana, damu ikawa bado ina njia. Mann aliona mwendo ndio uliowasaidia, mtu anatembea na ng'ombe kutwa nzima. Wengine walipendekeza mwaka 1971 kwamba miili yao ina namna yake ya kupunguza kolesteroli inayojitengenezea pale chakula kinapoleta nyingi. Mimi naona Wamasai walitumika zaidi kama hoja kwenye ugomvi wa Wamarekani juu ya siagi kuliko kama watu wenye historia yao.

Haya, turudi kwenye kipimo, hesabu kidogo, msikimbie. Ile mashine ya Gofman ni ghali na polepole, hospitali ya wilaya haiwezi kuwa nayo. Mwaka 1972 Friedewald, Levy na Fredrickson (ndio, yule wa tonsili) wakatoa njia ya mkato. Pima kolesteroli yote, pima HDL, pima trigliseridi, halafu LDL uipate kwa kutoa: jumla toa HDL, toa trigliseridi uliyoigawa kwa 2.2, kama unatumia milimoli kwa lita. Baada ya hapo, mwaka 1974, vikaja vipimo vinavyotumia vimeng'enya na ile asidi kali ikastaafu. LDL ya karatasi nyingi za maabara mnazoziona haikupimwa kabisa, imepigwa hesabu.

Tuchukue mfano hai. Jumla 8.1, HDL 1.2, trigliseridi 1.1. Moja nukta moja ukigawa kwa 2.2 unapata 0.5. LDL ni 6.4. Kwa mtu mzima, ikifika 4.9 daktari anatakiwa aanze kuuliza habari za ukoo. Hizo namba ni zangu mimi. Kilo 58, sina kitambi, nacheza mpira kila Jumamosi na bumu likiisha nakula ugali maharage kama ninyi.

Ndiyo hiyo sababu niliyosema. Babu mzaa baba alianguka shambani kabla ya kufika 50. Baba mkubwa aliondoka akiwa na 46, amekaa tu barazani anasikiliza redio. Baba yangu alikuwa na 43. Kwenye msiba wa tatu wazee walishasema ni mkono wa mtu, na jirani mmoja mpaka leo hatusalimiani naye. Kaka yangu alipobanwa na kifua mwaka juzi ndipo daktari alipomshika kisigino, akapapasa ile kano nene ambayo sisi wote tunayo na tulidhani ni alama ya ukoo kama wengine walivyo na mwanya, akauliza: "Kwenu wanaume wanakufa na umri gani?" Swali la Müller lile lile.

Turudi kwenye mstari. Formula ya Friedewald ina ukomo wake, na wagonjwa wa muda mrefu ndio wanaougusa. Trigliseridi zikipita 4.5 haifai tena. Mwenye sukari isiyodhibitiwa anaweza kupita hapo. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilizoanza miaka ya 1990, kama ritonavir, zilijulikana kwa kupandisha hizi trigliseridi. Mgonjwa wa figo anayepoteza protini kwenye mkojo, kolesteroli yake inapanda bila kula chochote cha ajabu. Kwenye hali mbaya kabisa ya trigliseridi, damu ikiachwa kwenye friji usiku mmoja unakuta juu kuna utando mweupe kama maziwa yaliyolala. Hapo mtu anahofia kongosho kabla ya moyo.

Lakini kwa nini LDL ya mtu kama mimi haishuki? Hili lilijibiwa Dallas, Texas, na vijana wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein. Mwaka 1973 walichukua seli za ngozi za mgonjwa mwenye jeni mbili wakaziotesha kwenye chupa, pembeni wakaotesha za mtu mzima wa afya. Seli za kawaida ukizipa LDL zinaacha kutengeneza kolesteroli yake, zimeshiba. Za mgonjwa zinaendelea kana kwamba hazijaona kitu. Sababu: hazina vipokezi, yaani daladala imefika kituoni lakini hakuna mlango wa kushushia abiria, basi inazunguka mjini milele. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Uthibitisho wenye kuumiza ulikuja kwa mtoto, Stormie Jones wa Texas. Alikuwa na miaka 6 na moyo ulishaharibika. Tarehe 14 Februari 1984, huko Pittsburgh, akapandikizwa moyo na ini kwa mkupuo mmoja. Ini ndilo lenye vipokezi vingi, na LDL yake ikashuka kwa asilimia 81. Hakuna jaribio la chupa lingeonyesha vile. Alifariki Novemba 1990, ana miaka 13. Nimesoma kurasa kibao kwa ajili ya kazi hii na hapo ndipo nilipofunga kompyuta nikatoka nje kwanza.

Dawa nayo ilipitia kwa mgonjwa wa namna hiyo. Akira Endo, Mjapani, yeye na wenzake walichunguza aina kama 6,000 za kuvu wakitafuta kitu cha kuzuia kolesteroli, na mwaka 1973 wakakipata kwenye ukungu wa kijani-bluu, jamaa yake ule wa penisilini. Mwaka 1978 huko Osaka kilitolewa kwa msichana wa miaka 18 mwenye jeni mbili. Kolesteroli ilipungua, misuli ikalegea, wakapunguza dozi. Dawa ya kwanza ya ukoo huo, lovastatin, iliruhusiwa Marekani mwaka 1987, na mwaka 1994 utafiti wa wagonjwa 4,444 wa nchi za kaskazini mwa Ulaya ulionyesha vifo vimepungua kwa karibu theluthi. Endo alifariki 2024. Kidonge ninachokunywa kila usiku ni mjukuu wa ule ukungu.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2003 Wafaransa walikuta familia zenye kolesteroli ya juu ambazo vipokezi vyao ni vizima. Kilichoharibika ni jeni nyingine, PCSK9, ambayo kazi yake ni kuvunja vipokezi, na kwao ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa Dallas wakajiuliza kinyume chake: je, kuna watu ambao kwao imekufa? Wakawapata mwaka 2005, na wengi walikuwa Wamarekani weusi. Mwaka uliofuata ikaonekana kuwa weusi wenye jeni hiyo iliyokufa wana LDL ya chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo umepungua kwao kwa asilimia 88. Kutoka hapo zikaja sindano zilizoruhusiwa mwaka 2015.

Na mwaka 2007 zikatolewa habari za wanawake wa Zimbabwe waliokuwa wakihudhuria kliniki za wajawazito. Mmoja wao, miaka 21, alikuwa na nakala mbili za jeni iliyokufa. LDL yake ilikuwa 0.4. Sio nne, ni nukta nne. Mzima wa afya, hana habari. Ile shilingi ya jenetiki niliyosema huko juu, yeye iliangukia upande wake mara mbili.

Zile sindano bei yake nimeiangalia nikafunga ukurasa. Vidonge vya kawaida vinanitosha, mwezi wa nne nilipima tena na LDL ilikuwa 3.3. Aliyebaki ni mdogo wetu wa kike, yuko kidato cha pili, anaishi kwa shangazi. Nimempigia shangazi mara tatu. Mara ya kwanza alisema, "Baba, huyo mtoto mwembamba kama ufito, mafuta atayatoa wapi?" Mara ya pili alisema tusimtie mtoto hofu za marehemu. Juzi nikamweleza kuhusu Stormie, na kuhusu kisigino. Akakaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha, halafu akaniuliza kama kupima lazima mtoto awe hajala, maana shule zikifunga mwezi wa sita anaweza kumpandisha basi la asubuhi. Nikamwambia kwa mara ya kwanza anaweza kula, wakihitaji afunge watatuambia, ila nitamsubiri stendi mwenyewe.